Saa Nne na Nusu: Kisa cha Familia Iliyokwenda Kuwaona Kasa

Familia ninayoieleza ni ya Tanga mjini. Majina nimeyaacha, mtaa nimeuacha, na mambo mawili matatu ya kuwatambulisha nimeyageuza kwa ridhaa yao. Wahusika nitawaita kama watoto walivyokuwa wakiwaita siku ile: Bibi, Baba Mkubwa, Shangazi, Baba Mdogo. Mimi kazi yangu ni kuwatafutia watu gari na boti wanapotaka kutoka mjini asubuhi kupunga upepo na kurudi jioni. Katika kisa hiki nilikuwamo, na sehemu ya kosa ni yangu, kwa hiyo msomaji asitegemee nijitetee sana.

## Usuli

Ilikuwa Juni, shule zimefungwa. Baba Mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alikuja likizo na wanawe, na ukoo mzima ukawa chini ya paa la Bibi kwa wiki mbili. Ukiwa na watoto wanane katika nyumba ya vyumba vinne, wazo la kwenda ufukweni halimhitaji mtu wa kulipigia debe. Ufukwe wa hapo mjini, Raskazone, walishakwenda mara tatu. Sasa walitaka mbali kidogo, mchanga wa maana, na wanyama. Binti mmoja wa miaka 10 alikuwa amesoma habari za kasa shuleni, akarudi nyumbani hazungumzi kitu kingine.

Walikuwa watu 16. Bibi ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Wanawe watatu, wake wa wanawe wawili (Mama Mkubwa na Mama Mdogo), vijana wawili wa chuo, na watoto wanane kuanzia miaka 2 hadi 13. Kila mtu alikuwa na safari yake kichwani. Watoto walitaka kasa. Baba Mkubwa alikuwa amenunua miwani ya kuzamia Kariakoo na alitaka matumbawe. Shangazi alitaka kupika pilau juu ya mchanga mahali ambapo hakuna mtu mwingine. Bibi naye alikuwa na lake, ila hakulisema mpaka tulipofika: alizaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na alitaka kukiona tena Kisiwa cha Maziwe, ambacho mara ya mwisho alikiona akiwa msichana.

Maziwe iko kama kilomita nane kutoka ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje na wavuvi wenye madago yao, yaani kambi za uvuvi, na kilisifika pwani nzima kwa kasa wanaopanda kutaga. Mwaka 1975 kilitengwa kuwa hifadhi ya bahari. Haukupita muda mrefu, miti ikaisha na mchanga ukaliwa. Leo ni fungu: maji yakipwa unaona mgongo mweupe wa mchanga katikati ya bahari, yakijaa, hasa nyakati za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huoni kitu. Nahodha mgeni anaweza kupita juu yake asijue. Matumbawe yanayolizunguka bado yana samaki wengi, na njiani pomboo huonekana mara kwa mara.

Kasa nao hawakuacha kuja. Katika bahari yetu huonekana aina tano, lakini wanaopanda kutaga ni hasa wawili: kasa wa kijani na ng'amba. Jike hupanda usiku, huchimba shimo la kina cha mkono mzima, hutaga mayai mia na zaidi, hufukia, hurudi majini, na hana habari nao tena. Watoto hutoka baada ya siku 50 mpaka 60 hivi. Juni ni mwezi mzuri wa kuwaona wakitoka.

Aliyekabidhiwa kupanga ni Baba Mdogo, kijana makini, karani kwa kazi, mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari. Alikusanya Sh 40,000 kwa kila mtu mzima, akakodi kosta, akaongea na nahodha wa Ushongo, akampata kwa simu mlinzi wa viota wa kijijini. Mlinzi alimwambia kiota kimoja kilikuwa siku ya 54 na huenda Jumamosi hiyo kikafunguka. Kisha akanipigia mimi na kuniuliza swali moja:

"Kaka, Jumamosi maji yanakupwa saa ngapi?"

Nikaangalia. Ilikuwa mwezi 15 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, yaani mwezi mpevu, bamvua. "Saa nne na nusu asubuhi," nikamwambia.

Akaandika kwenye daftari: *Saa 4:30, boti inaondoka.*

## Kilichotokea

Ratiba ya daftari ilikuwa hivi: kosta inatoka Tanga saa 12 alfajiri, saa 3 wako Ushongo, chai, saa 4 na nusu boti inaondoka na watu wote 16, saa 5 na robo wako funguni, wanaogelea, wanapika, wanakula, saa 9 alasiri wanarudi, saa 10 na nusu wanatazama kasa, saa 12 wanaondoka. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigiwa mistari kwa rula. Mtu yeyote wa Ushongo angeitazama mara moja tu akacheka.

Kosta ilitoka saa 1 na dakika 20. Sababu zilikuwa za kawaida: kiatu cha mtoto hakionekani, mtu amesahau kuchaji simu, jirani kaleta maandazi na hawezi kuachwa mlangoni bila kuulizwa hali ya mgonjwa wake. Kilomita 50 za mpaka Pangani zilikwenda vizuri. Kwenye kivuko tulikuta foleni. Siku ile mto ulivukwa kwa pantoni, na pantoni haina mjomba. Tulivuka saa 3 na nusu. Barabara ya vumbi kutoka Bweni, migongo migongo, ikatufikisha Ushongo saa 4 na robo.

Ufukwe wa Ushongo bamvua likiwa limekupwa ni kitu cha kukitazama. Maji yamekimbia mbali, mchanga umebaki mpana kama uwanja wa ndege, umelowa, unang'aa, na kila hatua mbili kuna tundu la kaa. Watoto walishuka garini wakapotea. Watu wazima walitandika mikeka chini ya mivinje, Shangazi akafungua chupa za chai.

Nahodha alikuja kwa miguu kutoka kwenye boti yake, iliyokuwa imeelea mbali kule maji yalikoishia. Mzee wa makamo, mpole, si mtu wa kupandisha sauti. Akasalimia, akamwamkia Bibi, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, akauliza, "Mlisema mnakaa funguni mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa," Baba Mdogo akajibu huku akifungua daftari.

Nahodha alitazama bahari, kisha akamtazama tena. "Saa tisa fungu litakuwa chini ya maji, mwanangu. Masufuria yenu yatakuwa yanakwenda Pemba."

Hapo ndipo Baba Mdogo aliponigeukia, na mimi ndipo nilipoelewa alichokuwa ameandika.

Kilichofuata kilichukua zaidi ya saa nzima, na saa hiyo ndiyo ilikuwa na thamani kuliko zote za siku ile. Kwanza kulikuwa na suala la idadi. Boti ilikuwa na jaketi okozi 11 za abiria, nane za watu wazima na tatu ndogo. Pili, ada ya kuingia hifadhini haikuwamo kwenye bajeti. Ikabidi watu wachangishane upya, chenji zikatafutwa, mtu akatumiwa pesa kwa simu na mtandao ukagoma. Tatu, Bibi hakuweza kutembea kwenye ule mchanga laini mpaka kwenye boti. Tuliondoka saa 5 na dakika 20. Maji yalishageuka na yalikuwa yanajaa.

Kwenda kulikuwa raha. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa bado haijaamka vizuri. Katikati ya njia pomboo walitokea, watatu au wanne, wakaibuka ubavuni kwa boti na kupumua ile pumzi yao nzito. Binti wa miaka 10 aliyekuwa hafungi mdomo tangu Tanga alinyamaza kabisa, mikono yote miwili imeshika ubao.

Tulifika funguni saa 6 na dakika 5. Nahodha alitia nanga upande wa kaskazini, kwenye kivuli cha upepo, akasema neno moja: "Saa saba kamili." Fungu lilikuwa bado kubwa, shakwe wamejipanga upande wa mbali. Baba Mkubwa alivaa miwani yake na kuingia majini kabla boti haijatulia. Watoto walikimbia huku na huku. Mmoja aliokota kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akakiinua juu ili apigwe picha. Baharia msaidizi akamwambia akirudishe palepale, tumbo mchangani kama alivyokikuta, kwa sababu hifadhini hata kombe tupu haliondoki.

Saa 6 na dakika 40 tulisikia kelele. Kijana mmoja wa chuo, aliyeingia majini kwa miguu mitupu kwa sababu kandambili zilikuwa zinamvuka, alikuwa amekanyaga yule mdudu wa miiba mirefu myeusi anayekaa kwenye mashimo ya mawe. Miiba saba kisiginoni, nimeihesabu mwenyewe. Wakati tunamshughulikia, nikatazama nyuma. Pale tulipoacha ndala zetu, maji yalikuwa yamefika. Ndala mbili zilikuwa zinaelea.

Hakuna wimbi lililokuja. Fungu halivamiwi, linapungua tu, kimyakimya, kutoka pande zote kwa pamoja, na ncha moja inaanza kujitenga kuwa kifungu chake. Saa 7 kasorobo nahodha akapiga mluzi. Hakungoja saa saba yake. Baba Mkubwa, aliyekuwa bado kichwa chini majini, alifuatwa na baharia na kuguswa bega.

Kurudi hakukuwa raha. Kusi ilishapanda, mawimbi yanatupiga ubavu wa kushoto, na kila mtu aliyekaa upande huo alioga. Watoto wawili walitapika. Shangazi, aliyekaa na sufuria lake tupu la pilau mapajani, hakusema neno njia nzima.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa nahodha na hakuutolea hotuba: mtoto asiyepata jaketi la kumtosha hapandi. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto mdogo si kinga, maana akitumbukia linapanda juu na yeye anateleza chini. Alimvisha kila mtoto, akafunga kamba, kisha akashika mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likipita masikio, halifai. Wa miaka 12 na 13 walifaulu kwa jaketi za wakubwa. Wa 7, 9 na 10 walipata zile ndogo. Wa miaka 6 hakupata, akalia mpaka akakwama pumzi. Baba Mkubwa alijaribu kumwombea: "Nitampakata mimi." Nahodha akasema, "Utampakata kwa mkono upi, na wa kujishikia ni upi?" Mjadala ukaisha hapo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Shangazi, na ulimgharimu. Alikubali pilau lipikwe pwani, kwenye jiko la mkaa chini ya mivinje, na si funguni. Sababu aliyopewa ilikuwa muda. Ile ambayo nahodha hakuisema ni kwamba moto na majivu juu ya fungu wanakotagia kasa ni jambo la aibu. Sufuria alilibeba hivihivi, kwa ukaidi, ili angalau lifike.

Wa tatu ulikuwa wa kugawanyika. Bibi, Mama Mkubwa ambaye bahari haipatani naye, Mama Mdogo na watoto wa miaka 2, 4 na 6 walibaki. Wengine kumi, na mimi wa kumi na moja, tulikwenda. Wakati ule kila mtu aliona waliobaki wamekosa.

Wa nne ulikuwa wangu na Baba Mdogo, saa 5 asubuhi, tukiwa tumesimama pembeni: je, bado inafaa kwenda? Tulijua tutapata chini ya saa moja. Nilisema twende. Sababu niliyoitoa ni kwamba pesa zilishalipwa na watoto walishavaa. Hiyo haikuwa sababu nzuri hata kidogo. Kama nahodha angekuwa mwenye tamaa, au mgeni wa ile bahari, sentensi hiyo ingeweza kutugharimu.

Na wa tano ulifanyika jioni. Dereva wa kosta alikubaliana na Baba Mdogo kuondoka saa 12. Saa 11 na robo kasa walikuwa bado hawajatoka. Dereva akaanza kuunguruma, pantoni ina saa zake na yeye ana gari la watu. Shangazi alikwenda kwake na sahani ya pilau yenye mfupa mkubwa kuliko wote, akakaa naye mpaka akamaliza. Hakuna aliyemsikia alichomwambia. Dereva akazima injini.

## Matokeo

Kisigino kilitibiwa kwa maji ya moto ya chupa ya chai. Mlinzi wa viota aliwaelekeza: mwiba unaoonekana wote na unaoshikika uvutwe polepole, mguu ulowekwe kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, kwa muda mrefu, na kilichobaki ndani kisichokonolewe kwa sindano. Maumivu yalipungua. Siku ya tatu kijana alikwenda hospitali kwa sababu kipande kimoja kilibaki, kikatolewa, yakaisha.

Waliokwenda funguni waliona pomboo, samaki, shakwe, wakaoga maji ya chumvi bila kupenda. Kasa hawakumwona hata mmoja.

Waliobaki, kwa maelezo ya Mama Mdogo, walitumia muda wote huo kwenye kipande cha mchanga kisichozidi hatua 50. Walikaa kimya mbele ya tundu la kaa mpaka kaa akatoka, macho kwanza, kisha gando moja, akatupa pumba la mchanga na kurudi. Mtoto wa miaka 4 alilitazama hilo karibu nusu saa. Wa miaka 6 aliacha kulia pale mlinzi alipomchukua kumwonyesha kiota: vijiti vinne na kamba, na katikati mchanga umeanza kubonyea kidogo, kama mtu ameubonyeza kwa kiganja. "Hiyo ndiyo dalili," mlinzi alimwambia. "Chini wameshaanguliwa, wanapanda, mchanga unawaanguka chini ya miguu."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anatazama baharini. Alimuuliza mlinzi mivinje ya Maziwe iko upande gani, maana zamani ukisimama hapa unaona mstari mweusi. Mlinzi akamwambia hakuna mstari, Bibi, hakuna hata mti. Alikaa muda, Mama Mdogo anasema, kisha akauliza, "Sasa kasa wanataga wapi?"

Mlinzi akamweleza. Bado wanapanda palepale funguni. Lakini mayai yakiachwa, bamvua linayafunika na yanaoza. Kwa hiyo walinzi huenda mapema, ndani ya saa chache baada ya jike kutaga, wanayatoa moja moja bila kuyageuza, maana yai la kasa likishakaa ukilipindua kilichomo kinakufa, na kuyaleta huku Ushongo kuyafukia juu ya mstari wa maji. Kile kiota chenye vijiti vinne kilikuja kwa boti kutoka Maziwe.

Nilisimuliwa hayo baadaye. Siku ile nilichoona ni Bibi kuomba kiti chake kisogezwe karibu na zile kamba, na kukataa kuhama hata pilau lilipoiva.

Walitoka saa 12 kasoro dakika 20. Maji yalikuwa yamejaa na ndiyo kwanza yanageuka, kwa hiyo njia ya kwenda baharini ilikuwa fupi. Mlinzi alichora mstari mchangani kwa kisigino: watu nyuma ya mstari, hakuna kusimama kati ya kiota na bahari, hakuna kugusa, hakuna taa ya simu, kwa sababu mtoto wa kasa hufuata mwanga na taa ya simu humpeleka kusiko. Kichwa kimoja kikatoka, cheusi, kikubwa kama kidole gumba. Kikasimama. Kisha mchanga wote ukachemka. Watoto walihesabu kwa kunong'ona, na mpaka leo wamegawanyika baina ya wanaosema 71 na wanaosema 73. Kitoto kimoja cha kasa kilipinduka kwenye alama ya kandambili na mtoto wa miaka 6 alikunja ngumi zote mbili mpaka kilipojigeuza chenyewe.

Tulifika Tanga saa 4 usiku. Watu wote walikuwa wamelala isipokuwa dereva na Bibi.

## Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kwenye daftari siku nne kabla, na kuchelewa kulilizidisha tu. Hata kama kosta ingetoka saa 12 juu ya alama, mpango wa kukaa funguni kuanzia saa 5 na robo mpaka saa 9 usingewezekana siku ile. Baba Mdogo alidhani saa ya maji kupwa ndiyo saa ya kuanza, kama vile mlango unafunguliwa saa 4 na nusu. Saa ya maji kupwa ni *katikati*. Bahari hupwa kwa saa sita na dakika chache na hujaa kwa muda kama huo. Ukitaka saa tatu juu ya fungu na maji yanakupwa saa 4 na nusu, unatakiwa uwe umefika saa 3 na uwe umeondoka saa 6. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo, dakika 45 za boti, nusu saa ya kuvaa jaketi na kulipa ada, basi saa 2 kasorobo lazima mko Ushongo. Familia ya watu 16 yenye mtoto wa miaka 2 na bibi wa miaka 74 haiwezi kutoka Tanga na kuwa Ushongo muda huo kwa kutegemea pantoni. Ama walale Ushongo, ama fungu lifutwe.

Mimi niliulizwa swali nikalijibu sawasawa, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu akiuliza maji yanakupwa saa ngapi, hajui anachouliza bado. Ilikuwa kazi yangu kumuuliza anataka kufanya nini na hayo maji. Siku hizi kabla sijataja saa nauliza: mko wangapi, mdogo ana miaka mingapi, mnataka kukaa muda gani. Ni maswali matatu tu. Yangemaliza jambo siku ile kwa simu ya dakika nne.

Wapo walioniambia baadaye kwamba tungechagua siku ya maji mafu, bahari haichezi sana. Sikubaliani, angalau kwa Juni. Kwenye pwani yetu mwezi ukiwa mchanga au mpevu maji hukupwa asubuhi saa nne, saa tano. Mwezi ukiwa nusu, saa hizohizo ndiyo yamejaa, na hukupwa saa kumi alasiri. Ukienda funguni alasiri ya Juni unakwenda na kusi imeshachachamaa na unarudi jua linazama. Bamvua ndilo lenye asubuhi nzuri, ila halisubiri mtu. Wazee hawakuwa na haja ya kunipigia simu kwa hili. Bibi mwenyewe, nilipomweleza tulivyokosea, aliuliza tu, "Si ilikuwa mwezi kumi na tano? Mlitegemea nini?" Hakuna aliyemuuliza yeye wakati wa kupanga. Alikuwa amekaa barazani, hatua sita kutoka lile daftari.

Kugawanyika kulifaulu, lakini kwa bahati. Ulikuwa uamuzi wa dharura uliotokana na uhaba wa jaketi, na ungetakiwa uwe mpango tangu mwanzo. Watoto chini ya miaka saba hawahitaji fungu. Ufukwe uliokupwa wenye kaa, mtu mzima mmoja mwenye subira, na kivuli, vinawatosha siku nzima, na wanaona vitu zaidi kuliko wakubwa wao waliokimbizana na saa. Nikimlinganisha mtoto wa miaka 4 na tundu lake moja la kaa na Baba Mkubwa na miwani yake ya Kariakoo, najua nani aliiona bahari siku ile. Baba Mkubwa akisoma hapa atanisamehe.

Jaketi lilifaulu kabisa. Ndilo jambo ambalo nahodha hakulegeza hata kidogo, na nadhani ndiyo maana alipopiga mluzi robo saa kabla ya saa aliyoisema, hakuna aliyebisha. Watu walikuwa wameshajifunza asubuhi kwamba yule mzee akisema amesema.

Mambo madogo yaliharibu zaidi ya ukubwa wake. Ada isiyokuwemo kwenye bajeti ilikula dakika 25. Kandambili zilizaa miiba saba. Kwenye matumbawe ni raba nzee zenye kamba, au usiingie. Maji ya kunywa, madumu mawili ya lita 10, yaliisha saa 8 mchana. Na dereva aliambiwa saa ya kuondoka kama vile kasa nao wamesaini. Kiota hufunguka kinapotaka. Anayekwenda kukitazama amwambie dereva hivyo tangu siku ya kumkodi, amlipe kwa hivyo, asije akategemea sahani ya pilau ifanye kazi ya mkataba. Shangazi ni mmoja na hakodishwi.

Wameshapanga kwenda tena, mwaka huu, mwezi 29, kulala Ushongo usiku mmoja kabla. Safari hii Bibi ndiye aliyetaja tarehe na Baba Mdogo akaiandika. Jaketi dogo Shangazi alilinunua mwenyewe, rangi ya chungwa, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Wa miaka 6, ambaye sasa ana 7, hulivaa anapotazama televisheni.